Mahali Ambapo Thabo Hakupagusa

"Usilie, shemeji," Burhani alisema wakiwa bado upande wa pili wa barabara. "Ukilia, mwuzaji atakupa pole, na mimi sikuja Malvern kutafuta pole."

"Nani analia, Afande? Ni baridi hii ya kwenu."

"Ya kwetu tangu lini? Mimi ni mtu wa Tanga."

Robot ya Jules Street, yaani taa ya barabarani, iliwaka kijani, wakavuka. Burhani alikuwa sajenti wa polisi Tanga zamani hizo. Sasa alilinda maghala ya watu Jeppestown, na muda uliobaki aliwapelelezea wageni wenzake mambo ambayo hakuna mwingine aliyejali kuyajua. Hedwiga, msusi kutoka Mahenge, alikuwa mjane wa Thabo, na Thabo ndiye aliyekuwa rafiki pekee wa Burhani katika jiji hili la Afrika Kusini, jiji la watu wenye haraka.

Yadi ya Ruphin, mwuza makaravani, ilikuwa nyuma ya duka la magodoro. Hakuuza yale makaravani madogo yanayovutwa kwa ndoano ya nyuma ya gari. Aliuza yale makubwa, nyumba nzima yenye jiko na kitanda, ambayo kwa mbele yana shingo ya chuma inayopanda juu ya bodi ya pikapu na kushusha pini moja nene katikati yake. Mzigo wa mbele wote unakaa kwenye shingo hiyo. Shingo ikikatika, nyumba inakuja juu yako.

Ndivyo alivyokufa Thabo. Alikuwa amerudi Afrika Kusini baada ya kuishi uhamishoni Tanzania miaka mingi, akarudi na mke Mpogoro, akahangaika, akajipata. Akataka kumrudisha mkewe kwao kusalimia wakwe, walale ndani ya nyumba yao njia nzima, wasibembeleze mtu wa gesti. Kabla ya safari ya familia alilijaribu karavani peke yake, njia ya kaskazini, siku ileile aliyolichukua yadi. Kwenye mteremko wa milima shingo ikakatika, karavani likaisukuma pikapu hadi bondeni.

Watu walisema alisinzia. Mama yake alisema zaidi ya hapo. Alisema mwanamke wa kigeni ndiye aliyelichagua lile jeneza ili amtoroshe mwanawe, na tangu mazishi akamshika mjukuu wake Lerato na kumfungia Hedwiga mlango wa nyumba ambayo Hedwiga mwenyewe aliipaka rangi. Jumapili ukoo ungekaa kuamua mtoto abaki na nani. Lerato alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwa akimsemesha mama yake.

"Sitaki fidia," Hedwiga alikuwa amemwambia Burhani. "Nataka mwanangu ajue nani alimuua baba yake. Anadhani ni mimi."

Burhani alikwisha kwenda kwa wauza vyuma chakavu kuyaona mabaki. Chuma kilikatika palepale kilipochomelewa, na nusu ya mkato ilikuwa na kutu ya zamani. Maana yake ufa ulikuwepo kabla ya safari. Kipande cha kitambaa kilikuwa kimegandia hapo; alidhani ni tambara la fundi, akakiacha. Kilichomnyima raha ni kitu kingine. Kule uhamishoni Morogoro Thabo alisimamia malori ya chama chake cha ukombozi, na lori halikutoka getini kabla hajalala chini yake na tochi. Mtu wa aina hiyo hakosi kuona ufa kwenye chuma kinachobeba nyumba.

"Mama! Yezu wangu!" Ruphin alitoka kibandani, koti la ngozi, viatu vinang'aa. Alikuwa Mkongo wa Lubumbashi. "Pole, pole kabisa. Nilisikia habari ya mzee, nililia. Ile yake ilikuwa ya nguvu, mama. Njia njo ilikuwa mubaya."

"Nataka jingine," Hedwiga alisema. "Kama lile. Safari ya kwetu iko palepale, kaka yangu huyu ataendesha."

Burhani alimkodolea macho mwuzaji. Alitegemea walau asite. Ruphin alisugua viganja.

"Mama, leo uko na bahati. Ile pale ni ndugu yake kabisa ya ile ya mzee."

Ama kweli kuna watu hawana haya! Burhani alitema mate pembeni, akavuta tochi mfukoni na kumpa Hedwiga.

"Shemeji," alimwambia chinichini, "mlipokuja kuchagua, wewe ndiye uliyemshikia Thabo tochi. Nifanyie kama alivyofanya. Usiruke kitu."

Hedwiga alifunga khanga yake kiunoni na kuanza. Alifungua makabati yote akayanusa moja moja. "Anasema kuvu haifichiki, watu hupaka rangi lakini hawapaki harufu." Hakusema "alisema", na Burhani hakumsahihisha. Kisha akabonyeza pembe za kuta kwa kidole gumba, chini ya madirisha na kule kitandani, akitafuta mahali plaiwudi imeoza ikalainika. Akatembea kwa visigino mlangoni na mbele ya sinki. Akaufungua mlango nusu akauachia: haukujifunga wala haukufunguka, kwa hiyo fremu haijapinda. Nje alipanda ngazi akapitisha mkono kwenye maungio ya paa. Akashuka, akapapasa matairi ndani na nje kuona kama yameliwa upande mmoja, kwa sababu upande mmoja ukiliwa, ekseli imekunjika. Hatimaye akalala chini kwenye vumbi, gauni na yote, akagonga chasisi kwa funguo na kusikiliza.

"Liko sawa," alisema akiinuka. "Hata lile lilikuwa hivi. Mawili mengine aliyakataa. Moja sakafu ilibonyea, jingine lilinuka."

"Na shingo?"

Walienda mbele. Shingo ilikuwa imefunikwa turubai, imezungushiwa kamba.

"Rangi haijakauka," Ruphin aliwahi kusema.

Hedwiga alisimama. "Hata siku ile. Turubai, na rangi haijakauka. Thabo akasema atapaangalia siku ya kulichukua."

"Labda alisahau."

"Thabo?" Alimgeukia kwa ghadhabu. "Wewe ulimjua Thabo, halafu unaniambia alisahau?"

"Basi siku ya kulichukua kulitokea nini?"

"Sikuwepo. Nilikuwa saluni, nina kichwa cha bibi harusi mikononi. Alikwenda na mama yake."

Burhani angeuliza zaidi, lakini kelele za shangwe ziliwafikia kutoka upande wa geti. Familia moja ya Waburundi ilikuja kuchukua karavani lao: mume kijana, mke mwenye mimba, na baba wa mume, mzee aliyevaa suti ya Jumapili siku ya kazi. Mbele yao alisimama Mchungaji Placide, mrefu, na kitambaa kirefu cheupe mikononi. Kanisa lake lilikuwa ghorofa ya pili hapohapo barabarani, na Wakongo wengi wa mtaa ule hawakuendesha hata baiskeli mpya kabla hajaiombea.

Burhani alisogea. Mchungaji aliomba kwa sauti, akakipaka kitambaa mafuta, akakiweka mikononi mwa mzee.

"Mukubwa wa jamaa njo anafunga," Placide alieleza. "Na hakuna mutu wa kufungua mpaka mufike salama kule munaenda."

Mzee alikibusu kitambaa. Alielekea mlangoni mwa karavani, pale ambapo mtu yeyote angefunga. Ruphin akamshika kiwiko kwa heshima nyingi, akamgeuza, akamwongoza hadi mbele. Turubai lilikwisha kuondolewa, na rangi nyeusi ilimetameta. Ruphin akaweka kidole mahali.

"Hapa, baba. Hapa njo kuko nguvu."

Mzee akazungusha kitambaa pale, mara nyingi, akakaza fundo. Mkwewe alipiga vigelegele. Mwanawe, aliyekuwa na tochi mkononi na dhahiri alikusudia kupaangalia, aliizima akairudisha mfukoni.

Burhani aliona tochi ile ikizimwa, akakumbuka kile kitambaa cha kwenye mabaki, akaelewa yote. Alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni.

"Samahani, mzee wangu," alisema, akapita katikati yao na kulifungua fundo.

Zogo likazuka. Mke kijana alipiga yowe. Mzee alimshika Burhani ukosi wa shati.

"Unavunja baraka ya watu!" Ruphin alifoka. "Huyu ni muislamu, munaona? Muislamu huyu!"

"Ndiyo, ni Mwislamu," Burhani alisema. "Na wewe ni nani?"

Alitoa bisibisi, akaichokoa rangi pale fundo lilipokuwa. Haikukwaruza chuma. Ilizama. Chini ya rangi palikuwa na pati, ile laini ya mafundi bodi, na ilidondoka vipandevipande mpaka ufa ukabaki wazi, mweusi, umezunguka nusu ya shingo. Bisibisi iliingia yote.

Mzee aliachia ukosi. Aliweka kidole chake mwenyewe kwenye ufa, akakitoa, akamtazama mkwewe na tumbo lake. Mwanawe alikwenda kulifunga geti na kulisimamia, kwani Ruphin alikwisha anza kurudi nyuma.

"Miye sikujua," Ruphin alisema. "Minanunua hivi hivi, minauza hivi hivi."

"Hukujua, ila kidole chako kinajua pa kuweka." Burhani alimgeukia Placide. "Mchungaji, nani anachagua mahali pa kufunga?"

Placide alionyesha mlango wa karavani. "Miye ningefunga ku mulango. Kila siku nilisema ku mulango. Yeye njo alisema hapa mbele, na miye niliona ni mutu wa imani." Alikaa chini kwenye tofali. "Mungu wangu. Ni ngapi nimeombea?"

"Tuanze na moja. Thabo. Msotho, mtu mzima, mwembamba, ana ndevu za mvi."

"Namukumbuka. Yule hakupenda maombi, alisimama mbali. Alikuja na tochi, alitaka kuangalia. Lakini alikuta kitambaa kimeisha kufungwa."

"Nani alifunga?"

"Mama yake."

Tochi ilimponyoka Hedwiga ikaanguka, akaiacha hapohapo.

Polisi walipomchukua Ruphin, Burhani na Hedwiga walielekea Rosettenville, kwa mama yake Thabo, katika gari bovu la Burhani. Hedwiga alikuwa amenyooka kwenye kiti, macho yanawaka.

"Leo atanijua," alisema. "Aliniita mchawi mbele ya kaburi, Burhani. Mbele ya mwanangu. Mkono wake mwenyewe! Leo atanitazama usoni na atanirudishia mtoto."

"Kwanza nihakikishe. Mchungaji anaweza kukosea mtu."

"Hakikisha. Kuna picha ukutani, niliiona msibani. Hakikisha upendavyo."

Mama yake Thabo, ambaye mjukuu wake na mtaa mzima walimwita Nkgono, yaani bibi kwa Kisotho, alikuwa sebuleni na blanketi mabegani. Alimruhusu Burhani kuketi. Hedwiga alibaki kizingitini, kwa sababu hakukaribishwa. Kisotho cha Burhani kilikuwa cha getini: kilitosha kuelewa, hakikutosha kuhoji. Nkgono naye hakutaka Kiingereza, wala maneno yoyote yaliyopita mdomoni mwa Hedwiga. Ikabidi Lerato akae katikati kwenye kigoda. Kiswahili alikisikia vizuri, ila hakukizungumza. Alimjibu Burhani kwa Kiingereza cha shule, bila kumtazama mama yake.

"Mwulize bibi hiyo picha ilipigwa wapi."

Ilikuwa ukutani juu ya televisheni, ndani ya fremu ya dhahabu. Thabo amesimama kando ya karavani, tochi mkononi. Mbele yake mama yake, amevaa sare ya kanisa, anacheka, mikono yote miwili imekamata kitambaa cheupe shingoni mwa karavani.

"Siku ya kulichukua," Lerato alisema. "Nkgono anasema ndiyo picha ya mwisho."

"Nani alifunga kitambaa?"

Kikongwe alijinyoosha kabla mtoto hajamaliza kuuliza. Alizungumza kwa kirefu na kwa fahari, akiionyesha mikono yake.

"Yeye. Anasema yule mwuzaji alimwonyesha mahali, na akakaza kwa nguvu zake zote. Baba alitaka kukifungua ili aangalie chuma. Nkgono akamwambia, ulikimbia usiku hukuniaga, baba yako nilimzika peke yangu, na leo nakuombea unataka kufungua?" Lerato aliendelea kutafsiri. "Baba akacheka. Akambusu. Akasema, sawa, mama yangu, hakifunguliwi."

Burhani hakuhitaji kingine. Alikuwa polisi kwa muda mrefu mno, na mdomo wa polisi ukishapata jibu hukimbilia kulifunga jalada.

"Mwambie bibi kwamba kitambaa kile kilikuwa hila. Chini yake palikuwa na ufa. Baba yako angepaona, ila kwa sababu ya—"

Akanyamaza. Alichelewa. Mtoto alikuwa ameigeukia picha, akiitazama mikono ile miwili iliyokamata kitambaa, na rangi ilikuwa imemtoka usoni. Burhani alijilaani kimoyomoyo kwa matusi yote ya kambini.

"Anasema nini?" Nkgono aliuliza. "Lerato, anasema nini?"

Lerato aliwaza. Kisha akajibu kwa Kisotho, polepole, kila neno kwa uangalifu.

"Anasema chuma kilikuwa kibovu tangu kiwandani. Anasema hakuna mtu ambaye angeona. Anasema kitambaa chako kilikuwa kizuri, Nkgono."

Burhani alielewa kila neno. Alimtazama Hedwiga kizingitini, ambaye Kisotho alikijua kama Kipogoro chake. Kesi yote ilikuwa mdomoni mwake sasa. Alichohitaji ni sentensi moja tu, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu.

Hedwiga alishika mwimo wa mlango. Midomo yake ilifunguka.

"Mama," Lerato alisema kwa Kiswahili, sauti nyembamba, bila kugeuka. "Usimwambie."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mama yake tangu mazishi. Hedwiga alifunga mdomo.

Nkgono aliishusha picha, akaipangusa kioo kwa ncha ya blanketi. "Nilijua," alisema. "Mimi nilikifunga vizuri. Basi ni yule aliyechagua chuma kibovu." Alimwelekezea Hedwiga kidevu. "Jumapili atajibu mbele ya watu."

Lerato aliichukua picha mikononi mwa bibi yake, akairudisha kwenye msumari, akaisawazisha. Kisha akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amebeba begi la shule na mto wake, akaenda kusimama kizingitini kando ya mama yake.

"Unakwenda wapi?" Nkgono alishtuka. "Lerato! Unakwenda wapi, mtoto wangu?"

"Kwa mama."

Sauti ya kikongwe iliwafuata mpaka barabarani, kwamba majirani waje waone, mwanamke yule amekwisha mchukua na huyu. Watu walitoka mageti yao kutazama. Hedwiga alitembea akiwa ameinamisha kichwa mbele yao wote, mkono mmoja umebeba mto.

Kwenye robot ya kwanza gari lilisimama. Lerato alikuwa kiti cha nyuma.

"Anko Burhani," alisema. "Baba angeuona? Ule ufa?"

Burhani alitamani kumdanganya, lakini mtoto huyu alikwisha kumfundisha leo maana ya uongo, na wa kwake usingefikia ule.

"Angeuona."

Hedwiga alipeleka mkono nyuma, kati ya viti viwili, bila kugeuka. Baada ya kitambo Lerato akaushika.

"Nkgono asijue," alisema.

"Hatajua. Hata kwa mchungaji nitakwenda, nimwombe asimtaje."

"Na Jumapili wakikuuliza?"

Hedwiga alitazama mbele, kwenye taa.

"Nitasema mimi ndiye niliyelichagua."

Robot iliwaka kijani. Lerato hakuuachia mkono wa mama yake.